Niliacha tiba ya mtandaoni wiki ya tatu. Je, mimi sitibiki?

"Shikamoo daktari. Nina umri wa miaka 34. Tangu mwaka jana ninapatwa na hofu ya ghafla: moyo unakwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, ninasikia kizunguzungu na ninaamini kabisa kwamba ninakata roho. Nimepimwa moyo mara mbili nikaambiwa ni mzima. Siku hizi sipandi basi lililojaa, na nikiingia ukumbini ni lazima nikae karibu na mlango. Nilijiunga na programu ya mtandaoni ya wiki 10 yenye masomo na mazoezi, lakini haina mtu wa kuwasiliana naye. Wiki mbili za mwanzo zilinifungua macho. Wiki ya tatu ilinitaka nipumue kwa kasi makusudi mpaka nisikie kizunguzungu, nikaogopa, nikaacha. Kaka yangu anasema hakuna maradhi ya akili yanayotibiwa na simu na kwamba nimepoteza muda wangu. Je, tiba hizi zimethibitishwa au ni biashara tu? Kuacha kwangu kuna maana kwamba mimi sitibiki? Na yale niliyoyaandika mle ndani, nani anayasoma?"

Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza maswali matatu, na yote yanastahili jibu, lakini naona lile la katikati ndilo linalokuumiza zaidi, kwa hiyo ndilo nitakalolipa nafasi kubwa. Nakutolea wasiwasi mapema: hapana, kuacha katika wiki ya tatu hakuna maana kwamba hutibiki. Uliacha mahali ambapo watu wengi huachia, na mahali penyewe panaeleza mengi kuhusu namna tiba hii inavyofanya kazi.

Nianze na hoja ya kaka yako, maana ina ukweli ndani yake. Ni kweli kwamba simu haimtibu mtu. Simu au kompyuta ni njia ya kumfikishia mgonjwa tiba, na tiba yenyewe katika programu nyingi zilizofanyiwa utafiti ni ileile ambayo mtaalamu angeitoa ana kwa ana, yaani tiba ya utambuzi na tabia, ambamo mgonjwa hujifunza kuyachunguza mawazo yanayomtisha na kuyajaribu kwa vitendo badala ya kuyakimbia. Wazo la kuipitisha tiba hiyo katika intaneti si la jana. Mnamo miaka ya 1990 Alfred Lange na wenzake katika Chuo Kikuu cha Amsterdam walikuwa wakiwatibu kwa njia hiyo watu waliopatwa na matukio ya kutisha, kwa kuwapa kazi za uandishi zilizosomwa na kujibiwa na wataalamu. Nchini Sweden, Gerhard Andersson, Per Carlbring na wenzao walianza katika kipindi hicho hicho kuzipima programu za maumivu ya kichwa, mvumo wa masikio na hofu kama hii yako, na tangu wakati huo majaribio yaliyofanywa duniani yamefika mamia.

Jaribio moja linakuhusu moja kwa moja. Mwaka 2010, Jan Bergström na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 113 wenye ugonjwa wa hofu ya ghafla waliotibiwa katika huduma ya kawaida ya afya ya akili jijini Stockholm. Kwa kura, baadhi yao walipewa tiba ya utambuzi na tabia katika vikundi, wakikutana na wataalamu ana kwa ana, na wengine wakapewa tiba hiyo hiyo kwa intaneti, kila mmoja akiwa na mtaalamu wa kuwasiliana naye. Makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa, na tofauti kati yake haikuonekana, si mwishoni mwa tiba wala miezi 6 baadaye, ingawa tiba ya intaneti ilitumia muda mdogo zaidi wa mtaalamu. Mwaka 2018 Carlbring na wenzake walijumlisha tafiti 20 za namna hiyo, zenye washiriki 1,418 wa maradhi mbalimbali, wakakuta tofauti kati ya intaneti na ana kwa ana inakaribia sifuri. Kwa hiyo swali la kama tiba hizi zinaweza kufanya kazi limekwisha kujibiwa, nasi tumebaki na swali gumu zaidi, yaani zinafanya kazi katika hali gani, na kwa nani.

Hapo ndipo uaminifu unaponitaka niseme mambo mawili ambayo matangazo ya programu hayayasemi. La kwanza, tafiti nyingi zililinganisha waliopata tiba na watu waliowekwa kwenye orodha ya kusubiri. Anayesubiri mara nyingi hukaa palepale alipo kwa kuwa ameambiwa zamu yake itafika, hivyo tiba inayolinganishwa naye huonekana ina nguvu kuliko ilivyo. La pili, baadhi ya majaribio makubwa yamekatisha tamaa. Mwaka 2015 Simon Gilbody na wenzake nchini Uingereza walitoa matokeo ya wagonjwa 691 wa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, waliokuwa wakihudumiwa na madaktari wa kawaida. Baadhi yao waliongezewa programu ya kompyuta, wakapigiwa simu za kuwatia moyo na kuwasaidia kiufundi, lakini mazungumzo ya tiba hayakuwamo. Baada ya miezi 4 hawakuwa na nafuu zaidi ya wenzao waliopata huduma ya kawaida peke yake, na waliozimaliza programu hizo walikuwa wachache. Unaona kwamba programu yenye maudhui mazuri inaweza kumwacha mgonjwa palepale alipokuwa, ikiwa haitumiki.

Sasa tuje kwenye wiki yako ya tatu. Ili uelewe kwa nini uliogopa, na kwa nini zoezi lile lina maana, inabidi tufuate kinachotokea mwilini. Hofu ya ghafla huanza kwa hisia ndogo, kama pigo moja la moyo lililoruka, joto la chumba, au kusimama kwa haraka. Watu wengi hawaitii maanani hisia hiyo. Wewe unaitafsiri papo hapo kuwa ni dalili ya kifo, na tafsiri hiyo ndiyo inayoufanya ubongo upige kengele ya hatari. Homoni ya adrenalini inamwagika kwenye damu, moyo unaongeza kasi, nawe unaanza kuhema kuliko mwili unavyohitaji. Kuhema huko kunapunguza hewa ya kaboni dayoksaidi katika damu, na upungufu huo ndio unaoleta ganzi ya vidole, midomo kuwasha, kifua kubana na kizunguzungu. Unapozihisi dalili hizi mpya unapata uthibitisho kwamba ulikuwa sahihi kuogopa, na hofu inapanda tena. Mwanasaikolojia David Clark aliueleza mzunguko huu mwaka 1986, na tiba nyingi za leo zimejengwa juu ya maelezo hayo.

Wimbi hilo hufika kileleni katika muda wa dakika chache na kushuka lenyewe, kwa sababu mwili hauwezi kuiendesha kengele kwa nguvu zote bila kikomo. Tatizo ni kwamba wewe hukuwahi kukaa ukaona linavyoshuka. Ulishuka kwenye basi, ulitoka ukumbini, ulikwenda kupimwa moyo. Kisha hofu iliposhuka, akili yako ilihitimisha kwamba kutoka ndiko kulikokuokoa. Ndiyo maana kuambiwa mara mbili kwamba moyo wako ni mzima hakukukuponya, ingawa maneno hayo yalikuwa ya kweli. Ubongo wenye hofu huamini zaidi yale ulioyapitia kuliko yale ulioambiwa, na hadi sasa haujawahi kupitia hali ya kuwa na kizunguzungu, bila mlango wa karibu, na kubaki salama.

Zoezi ulilolikimbia limetengenezwa kuupa ubongo tukio hilo hasa. Mgonjwa huketi, huandika kwanza anachotabiri, kwa mfano "nitazimia, nina uhakika wa 80 kwa 100", kisha hupumua kwa kasi na kwa kina kwa dakika moja. Ganzi inakuja, kichwa kinakuwa chepesi, na kwa kuwa safari hii ameyaleta mwenyewe kwa pumzi zake, anaona kwa macho yake yanatokana na nini. Anaacha kuhema, anakaa bila kushika kitu wala kunywa maji ya kujituliza, anasubiri, kisha anaandika kilichotokea: hakuzimia, ganzi iliisha, hofu ilipanda hadi 7 kati ya 10 ikashuka hadi 3. Kesho anarudia. Wengine huzunguka kwenye kiti, wengine hupumulia mrija mwembamba, kutegemea ni hisia gani inayowatisha zaidi. Baadaye mazoezi yanahamia nje, kwenye mabasi na kumbi. Mtu mwenye pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo au ujauzito asiyafanye haya kabla ya kumwuliza daktari wake, nawe pia mweleze daktari aliyekupima kwamba unakusudia kuyafanya.

Kwa hiyo masomo ya wiki mbili za mwanzo yalikuwa maandalizi, na ya tatu ndiyo iliyokuwa mwanzo wa tiba yenyewe. Uliombwa ulete kwa makusudi kitu unachokiogopa kuliko vyote, ukiwa peke yako, mbele ya kioo cha simu kisichoweza kukuuliza unajisikiaje. Ukaogopa. Sioni udhaifu wowote hapo. Mwaka 2005 zilichapishwa takwimu za programu iliyokuwa wazi kwa yeyote, ya ugonjwa huu huu wa hofu ya ghafla, iliyokuwa ya wiki 12 na isiyo na mhudumu. Kati ya watu 1,161 waliojisajili, waliofika mwisho walikuwa 12. Nakuomba uitazame tena hesabu hiyo kabla hujajihukumu. Mwaka 2019 watafiti waliochunguza matumizi halisi ya programu za simu za afya ya akili walikuta kwamba, kwa programu ya kawaida, waliokuwa bado wakiifungua siku ya 30 ni takriban 3 katika kila watu 100 walioipakua.

Linalobadilisha picha hiyo ni kuwepo kwa mtu. Mwaka 2009 Andersson na Pim Cuijpers walipojumlisha tafiti za sonona, programu zilizoambatana na msaada wa binadamu zilionyesha manufaa zaidi ya mara mbili ya zile zisizo na msaada. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2021 ulioongozwa na Eirini Karyotaki, wenye tafiti 39 na washiriki zaidi ya 9,000, uliongeza jambo lenye manufaa: kwa wenye sonona hafifu tofauti kati ya kusaidiwa na kutosaidiwa ni ndogo, ila kadiri dalili zinavyokuwa nzito ndivyo msaada unavyokuwa na thamani zaidi. Tafiti hizo ni za sonona, nawe una hofu, lakini kwa yale ninayoyaona kazini sina shaka kwamba mtu anayetakiwa kukabiliana na anachokiogopa anamhitaji mwenzake kuliko anayesoma masomo tu.

Pengine utashangaa jinsi msaada wenyewe ulivyo mdogo. Mara nyingi ni dakika 10 hadi 15 kwa wiki, tena kwa ujumbe wa maandishi. Mhudumu anasoma karatasi yako ya zoezi na kukuandikia kwa mfano hivi: "Nimeona uliacha kupumua kwa kasi baada ya sekunde 20. Ni kitu gani ulidhani kingetokea kwenye sekunde ya 30? Jaribu kesho sekunde 30 tu, uniandikie ulichokiona." Swali fupi kama hilo, kutoka kwa mtu unayejua atasoma jibu lako Alhamisi, lingeweza kukuvusha wiki ile. Nickolai Titov na wenzake nchini Australia walionyesha mwaka 2010, kwa wagonjwa wa sonona, kwamba mhudumu asiye mtaalamu wa tiba, akiwa na usimamizi mzuri na masomo yaliyopangwa, aliwasaidia wagonjwa karibu sawa na mtaalamu mwenyewe. Katika programu ya Shirika la Afya Duniani iliyojaribiwa Lebanoni kwa wenyeji na wakimbizi kutoka Syria, waliowaongoza washiriki pia hawakuwa wataalamu wa afya ya akili.

Ushauri wangu, basi, ni huu. Ukiweza kupata programu yenye mhudumu, ichague hiyo kabla ya nyingine yoyote, na uliza mapema mhudumu ni nani, anasimamiwa na nani, anajibu baada ya muda gani, na kama programu yenyewe imefanyiwa jaribio la kitafiti kwa jina lake, maana maneno "imejengwa juu ya sayansi" yanaweza kuandikwa na yeyote. Ukiikosa, rudi kwenye ile uliyonayo, anza somo la pili upya, na umtafute mtaalamu wa afya ya akili unayeweza kumwona hata mara moja au mbili ili zoezi la wiki ya tatu ulifanye mara ya kwanza mbele yake. Mchanganyiko wa namna hiyo unafaa sana. Hata kaka yako anaweza kuwa msaada, kwa sharti moja: akae chumbani bila kukutuliza wala kukuambia "usiogope, upo salama", kwa sababu maneno hayo, japo ni ya upendo, yatachukua nafasi ya kile ambacho ubongo wako unapaswa kukigundua wenyewe.

Tiba ya ana kwa ana tangu mwanzo hadi mwisho nayo ni chaguo halali kabisa, hasa ikiwa unajijua kwamba ukiwa peke yako mazoezi utayaahirisha. Vilevile zipo dawa. Zile za kundi linalotumika pia kutibu sonona husaidia wengi wenye ugonjwa huu, huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu, na hutakiwa kuanzishwa na kusitishwa na daktari. Dawa za kutuliza haraka, zile ambazo mtu hubeba mfukoni kwa ajili ya dharura, naziogopa kwa mgonjwa wa aina yako: zinaleta utegemezi, na zinamfundisha somo lilelile la mlango wa karibu.

Wengi huniuliza pia kuhusu programu za mazungumzo zinazoendeshwa na akili mnemba. Tangu Joseph Weizenbaum alipoonyesha programu yake ya ELIZA mwaka 1966 tunajua kwamba watu huweza kuufungulia mashine moyo, hata wakijua ni mashine. Kwa mwenye hofu ya ghafla kuna hatari mahususi ninayotaka uijue. Ukiamka usiku wa manane na kuiuliza kama ganzi ya mkono ni kiharusi, itakujibu kwa upole, utatulia, na usiku unaofuata utauliza tena. Utakuwa umepata njia mpya ya kukimbia. Itumie, ukipenda, kujikumbusha somo au kupanga mazoezi, lakini kuihakikishia nafsi kwamba hufi, isiwe kazi yake.

Kuhusu nani anasoma uliyoyaandika, siwezi kuijibia programu yako, ila naweza kukuambia kwa nini swali lako ni la busara. Mwaka 2023 mamlaka ya Marekani inayosimamia biashara na haki za walaji iliiagiza kampuni moja kubwa ya ushauri nasaha wa mtandaoni ilipe dola milioni 7.8, baada ya kuituhumu kwamba iliahidi usiri huku ikizipitisha taarifa za wateja, zikiwamo zile za maswali ya afya, kwa makampuni ya matangazo. Nchini Finland, mwaka 2020, makumi ya maelfu ya wagonjwa wa kituo kimoja cha tiba ya kisaikolojia walijikuta kumbukumbu zao zimeibwa, na wengi wakatumiwa vitisho vya kudaiwa fedha mmoja mmoja. Kumbuka kwamba kituo hicho kilikuwa kikiwaona watu ana kwa ana. Hatari iko popote taarifa zinapotunzwa kwenye kompyuta.

Fungua sera ya faragha ya programu yako na utafute mambo machache: taarifa zinagawiwa kwa nani, zinatumika kwa matangazo au la, na unaweza kuomba zifutwe kwa njia gani. Huduma iliyo chini ya hospitali, chuo kikuu au mfumo wa afya wa umma kwa kawaida hubanwa na sheria za siri za mgonjwa. Programu nyingi za kibiashara hazibanwi hivyo. Usipolipata jibu linaloeleweka, omba akaunti yako ifutwe. Mazoezi yenyewe yanaweza kuandikwa kwenye daftari, na nguvu yake haipungui.

Tiba hizi zina madhara pia, na kimya juu yake kisingekuwa haki. Alexander Rozental na wenzake, katika uchambuzi wa mwaka 2017 wa majaribio 29 yenye wagonjwa 2,866, walikuta kwamba takriban 6 kati ya kila 100 waliopata tiba ya intaneti hali zao zilizidi kuwa mbaya, wakati kwa waliokuwa kwenye makundi ya kulinganishia walikuwa takriban 17. Kwa maneno mengine, kukaa bila tiba kulikuwa na hatari zaidi, lakini hao 6 wapo, na ndani ya programu isiyo na mhudumu hakuna atakayewaona. Ongezeko dogo la hofu katika siku za kwanza za mazoezi linatarajiwa. Ukiona baada ya wiki mbili au tatu za mazoezi ya kweli kwamba unakwepa mambo mengi zaidi kuliko ulipoanza, usiendelee kujisukuma peke yako. Nenda kamwone mtaalamu.

Nenda ana kwa ana pia, bila kusubiri programu yoyote, ikiwa umeanza kunywa pombe ili uweze kutoka nje, ikiwa huzuni imekushika siku nyingi mfululizo hata usingizi, chakula na kazi vimekushinda, ikiwa unasikia au kuona vitu ambavyo wengine hawavioni, au ikiwa kuna mtu anayekudhuru nyumbani, kwani hofu ya namna hiyo haitibiwi kwa mazoezi ya kupumua. Maumivu ya kifua yanayokuja ukifanya kazi nzito, kuzimia kwenyewe hasa, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili ni mambo ya hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ulishapimwa. Na ikiwa umewahi kufikiri kwamba ni afadhali ufe, au umefikiria namna ya kujidhuru, usiliandike hilo kwenye programu ukasubiri jibu. Mwambie kaka yako leo, akusindikize kwenye huduma ya dharura iliyo karibu nanyi, na abaki nawe mpaka umeonwa na daktari.